Mawimbi Ndani ya Belo: Mwongozo Kamili wa Kukusanya Kumbukumbu za Kale za Sefingi Ukiwa Mbeya

Julai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sokoni Mwanjelwa kuna baridi ya kuumiza meno. Mlima Loleza hauonekani kwa ukungu. Kijana anakata kamba za belo kwa kisu, moja, mbili, tatu, na ya nne inapoachia nguo zinafumuka zenyewe na ile harufu ya dawa inapanda puani. Watu wa kupointi, wale wanaochagua nguo nzuri kwanza, wako mstari wa mbele, mikono tayari. Mimi husimama pembeni kidogo, kwa sababu ninachotafuta ndicho wanachokitupa.

Siku moja walitupa fulana ya kola, samawati iliyopauka hadi kukaribia kijivu. Upande wa kushoto wa kifua kulikuwa na nyayo mbili ndogo zilizotariziwa kwa uzi wa njano, nyayo za miguu mitupu. Nikamgeukia mwenye meza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo imechoka, chukua kwa buku mbili."

Nikatoa. Nyayo zile ni alama ya Hang Ten, kampuni ya nguo iliyoanza California mwaka 1960. Jina lake limetokana na mtindo wa mteleza mawimbi kutembea hadi ncha ya mbele ya ubao na kusimama vidole vyote kumi vya miguu vikining'inia juu ya maji. Fulana ile ndiyo namba 1 katika daftari langu. Leo nimefika namba 64, na karibu zote nimezipata Mbeya, Makambako na Iringa.

Kwa ambaye hajawahi kuuona, sefingi ni mchezo wa kusimama juu ya ubao na kuteleza na wimbi linapokwenda kuvunjikia ufukweni. Asili yake inayojulikana zaidi ni visiwa vya Polinesia, hasa Hawaii. Aliyeutembeza duniani ni Duke Kahanamoku wa Honolulu, muogeleaji aliyechukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 1912 na tena 1920, na ambaye katika kiangazi cha 1914 kuelekea 1915 aliwaonyesha watu wa Sydney, kwenye ufukwe wa Freshwater, jinsi ubao unavyopandwa. Mchezo wenyewe uliingia Olimpiki kwenye michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021. Katikati ya tarehe hizo kuna miaka mingi ya fulana, kaptula, stika, majarida, beji na mbao, na vitu hivyo sasa vinatafutwa na wakusanyaji wa nchi nyingi.

Watu huniuliza, mtu wa Mbeya, mita kama 1,700 juu ya bahari na zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, unayapata wapi mambo ya mawimbi? Nayapata mitumbani. Mtu wa California alinunua kaptula mwaka 1982, akaivaa miaka mitatu, ikalala kabatini miaka thelathini. Nyumba ilipohamwa, nguo zikapelekwa kwenye duka la hisani, zisizouzika zikabanwa kwenye belo, belo likapanda meli. Kule zilikotoka, kila duka lina mtu anayejua thamani yake na amekwisha kuchambua. Hapa kwetu ni wachache mno wanaozitafuta.

Hatua ya kwanza: amua unakusanya nini

Ukianza kwa kuokota kila chenye picha ya wimbi, ndani ya miezi miwili chumba kitajaa na hutakuwa na mkusanyo, utakuwa na rundo. Mbao zenyewe ziache kwanza. Ubao wa zamani una urefu wa karibu mita tatu, kusafirisha mmoja tu kutoka nje ni gharama kubwa, na katika mabelo hauji. Anza na nguo. Kisha jibane: chagua kampuni moja, au nchi moja, au muongo mmoja. Mimi nilichagua nguo zilizotengenezwa kabla ya 1990, na uamuzi huo umeniokolea pesa nyingi kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa.

Hatua ya pili: yajue majina na alama

Hapa usikimbie. Macho ndiyo mtaji wako, na sokoni una sekunde tatu kabla mkono mwingine haujafika.

O'Neill ilianza na duka la Jack O'Neill mjini San Francisco mwaka 1952. Umaarufu wake ni zile suti za mpira za kuzuia baridi ya maji. Rip Curl na Quiksilver ni za mwaka mmoja na mji mmoja: 1969, Torquay, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Victoria, Australia. Alama ya Quiksilver ni wimbi lililojikunja na mlima wenye theluji nyuma yake, na imetokana na mchoro maarufu wa Hokusai, mchoraji wa Japani. Billabong ilianza 1973 huko Gold Coast, Queensland. Ocean Pacific, ambayo kwenye nguo utaiona kama herufi mbili tu, OP, iliwika California katika miaka ya 1970 kwa kaptula fupi za kodrai. Ukikuta kaptula ya kodrai ambayo haifiki hata nusu ya paja, geuza lebo haraka. Lightning Bolt ya Hawaii, yenye mchoro wa radi, iliibuka mwanzoni mwa miaka ya 1970 na inaambatana na jina la Gerry Lopez, bingwa wa mawimbi ya Pipeline, ufukwe wa Hawaii.

Kuna pia za karibu yetu zaidi. Gotcha ilianzishwa California mwaka 1978 na Michael Tomson, mtu wa Afrika Kusini, na nguo zake za miaka ya 1980 zina rangi kali za kung'aa ambazo hazijifichi hata chini ya rundo. Binamu yake, Shaun Tomson wa Durban, ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1977. Kwa kuwa barabara yetu inateremka Tunduma na kwenda Zambia hadi kusini kabisa, usidharau kitu chochote chenye jina la Durban au Jeffreys Bay, miji ya mawimbi ya Afrika Kusini.

Hatua ya tatu: sokoni

Uliza kwanza belo limetoka nchi gani. Wauzaji wanajua, maana walilinunua kwa jina hilo. Belo la Marekani, Canada, Australia au Uingereza linafaa kusubiriwa. Uliza pia ni la nguo gani. Belo la "kaptula mchanganyiko" au "fulana za wanaume" lina nafasi kubwa kuliko lile la mashati ya ofisini.

Kwetu kuna faida moja ambayo mtu wa Dar hana. Kuanzia Mei hadi Agosti, wateja wa Mbeya, Njombe na Makete wanatafuta sweta na makoti. Kaptula za ufukweni zinakaa mezani hadi zinashushwa bei mara mbili, mara tatu. Mimi hununua zaidi miezi hiyo, na sipendi kwenda Desemba wakati watu wana haraka na bei zimepanda.

Usijifanye mjanja kwa wauzaji. Nilichora alama sita kwenye karatasi ngumu, kwa kalamu ya wino mzito: nyayo mbili, wimbi na mlima, radi, herufi OP, na nyingine mbili. Nikawapa akina mama watatu wa Mwanjelwa na kaka mmoja wa Makambako, nikawaambia nikikuta wameniwekea kitu chenye alama hizi nitalipa zaidi ya bei ya meza. Na nimelipa, kila mara. Nikienda Iringa naanza na "kamwene" kabla sijagusa nguo, kisha nakaa kwenye kigoda tuzungumze mambo ya mvua na mahindi. Mambo hayo ndiyo yanayofanya mtu akukumbuke saa kumi na mbili asubuhi anapofungua belo wewe ukiwa bado umelala.

Hatua ya nne: soma umri wa nguo

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo iliyonitoa machozi mwanzoni. Mwaka wangu wa kwanza nililipa elfu ishirini na tano kwa tisheti nyeusi yenye maandishi makubwa kifuani: 1969. Nilihesabu miaka, nikaona nimepata dhahabu. Nilipofika nyumbani na kuigeuza ndani nje, lebo ilikuwa na anwani ya tovuti. Mwaka ule wa kifuani ulikuwa mwaka wa kuzaliwa kwa kampuni. Tisheti yenyewe haikuwa na hata miaka kumi. Tangu siku hiyo naanza kusoma ndani, na kifua nakitazama mwisho.

Geuza nguo ndani nje, simama penye mwanga, fuata mpangilio huu.

Anza na pindo la mkono na pindo la chini. Tisheti nyingi za Marekani za zamani zilipindwa kwa mshono wa mstari mmoja. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 viwanda vingi vilikuwa vimehamia kwenye mistari miwili inayokwenda sambamba. Mstari mmoja mikononi na chini ni dalili nzuri, lakini ni dalili tu, maana wapo wanaotengeneza leo kwa kuiga mtindo huo.

Kisha lebo. Nguo ya Marekani isiyo na maelezo yoyote ya kufua, na ambayo lebo yake haijakatwa, huenda ni ya kabla ya 1972, mwaka ambao sheria yao ilianza kutaka maelezo hayo. Ikiwa maelezo ni ya maneno matupu, bila vile vichoro vya beseni, pembetatu na pasi, kuna uwezekano ni ya kabla ya 1997, kwa sababu hapo ndipo Marekani iliporuhusu vichoro peke yake vitoshe. Kipimo hiki usikitumie kwa nguo za Ulaya; wao walitumia vichoro zamani sana. Ukiona herufi RN na namba, hiyo ni namba ya usajili wa kampuni huko Marekani. Unaweza kuitafuta mtandaoni kwenye orodha ya serikali yao ikakutajia kampuni. Haikutajii mwaka wa nguo, na wengi wanakosea hapo.

Soma nchi. Lebo inayosema imetengenezwa Ujerumani Magharibi haiwezi kuwa ya baada ya 1990. Quiksilver yenye maneno Na Pali ni ya tawi la Ulaya lililoanzia Ufaransa mwaka 1984, kwa hiyo mtu akikuambia ni ya miaka ya sabini, mrudishie kwa adabu. Anwani ya tovuti popote pale inakupeleka katikati ya miaka ya 1990 au baadaye.

Halafu michoro yenyewe. Kama kuna ubao umechorwa au kupigwa picha, hesabu mapezi yake ya chini. Mapezi matatu yalienea baada ya Simon Anderson wa Australia kushinda mashindano ya Bells Beach mwaka 1981 akitumia ubao wa aina hiyo. Tisheti yenye ubao wa mapezi matatu ni nadra kuwa ya 1975, hata mwuzaji akiapa.

Mwisho pitisha ncha ya kidole kwenye wino. Wino wa zamani umepasuka vipande vidogo vidogo kama tope la mtoni lililokauka, na nyufa zake zinafuata mikunjo ya nguo: kifuani, tumboni, karibu na kwapa. Nyufa zilizochapwa kiwandani ili nguo ionekane kuukuu zimetapakaa sawasawa kila mahali, na ukizigusa ni laini.

Kwa kaptula, tazama sehemu ya kufungia. Kaptula za mwanzo za Quiksilver zilikuwa na vifungo vya kubana na kile kitambaa cha kunata badala ya zipu. Na kwa mashati ya maua ya Hawaii, tazama mfuko wa kifuani. Fundi makini alikata mfuko ili ua lililo juu yake liendelee bila kukatika na ua la shati. Nina moja, namba 41, nyekundu na majani ya mchikichi, ambalo mfuko wake huuoni mpaka uingize mkono. Ingekuwa kaburi langu linaruhusu kitu kimoja, ningeomba shati hilo.

Hatua ya tano: kufua bila kuua

Usikimbilie kufua. Kwanza funga nguo kwenye mfuko wa plastiki na uiweke kwenye friza wiki mbili ili mayai ya nondo yafe. Kama huna friza, zungumza na jirani anayeuza barafu. Mimi ndivyo nilivyoanza.

Baada ya hapo, maji baridi kwenye beseni, sabuni ya maji kidogo, nguo imegeuzwa ndani nje. Loweka nusu saa, ibonyeze kwa viganja, suuza mara tatu. Usisugue picha. Usikamue kwa kusokota. Jiki isikaribie kabisa, hata kwa nguo nyeupe. Tandaza juu ya taulo kivulini, kwa sababu jua la huku juu ni kali kuliko baridi yake inavyokudanganya, na rangi inapauka kwa alasiri chache. Pasi, hasa ya mkaa, ipite upande wa nyuma tu na kitambaa katikati. Wino wa zamani ukipata moto unanata, na ukishanata umekwisha.

Tundu dogo liache. Doa lisilotoka liache pia. Mkusanyaji mzuri anapendelea nguo yenye kasoro ya kweli kuliko iliyorekebishwa na fundi.

Hatua ya sita: kuhifadhi katika nyanda zetu

Adui wa pwani ni joto na chumvi. Adui wetu ni unyevu wa kuanzia Desemba hadi Aprili. Kwa watu wa Tukuyu, ambako mvua haina adabu, ni mbaya zaidi. Sanduku la bati likiwekwa juu ya saruji linatoa jasho ndani usiku, na asubuhi utakuta madoa meusi ya kuvu kwenye mikunjo. Liweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Funika kila nguo kwa kipande cha shuka jeupe la pamba lililofuliwa vizuri, wala usitumie mifuko ya nailoni. Siku kavu fungua, toa nguo zote, zipumue ndani ya chumba kwa saa mbili, kisha zikunje kwa mikunjo mipya ili zisikatike mahali pamoja.

Kwa wadudu tuna mali yetu wenyewe, pareto. Maua yake yanalimwa Umalila, Makete na Mufindi, na kiwanda kiko Mafinga. Dawa nyingi za wadudu duniani zimejengwa juu ya kiini chake. Mimi huchukua maua makavu, nafunga kiganja kimoja kwenye kipande cha khanga kuukuu, naweka pembe nne za sanduku bila kugusa nguo. Mwanga unaua nguvu yake, kwa hiyo lazima yakae gizani, na kila msimu nabadilisha. Nawa mikono ukimaliza na usiache watoto wachezee. Vile vidonge vyeupe vya naftalini siviweki karibu na wino wala vifungo vya plastiki, kwa sababu vinaweza kuviharibu.

Suti ya mpira ya O'Neill ukiipata usiikunje. Ining'inize kwenye henga nene, chumba kisicho na moshi wa jiko.

Hatua ya saba: daftari

Nguo isiyo na historia ni nguo tu. Siku ileile unapoinunua, andika namba, tarehe, soko, bei, nchi ya belo, maneno yote ya lebo kama yalivyo, upana wa kwapa hadi kwapa, urefu wa bega hadi pindo, na kila kasoro. Namba ya nguo iandike kwa penseli kwenye utepe mdogo wa pamba, uushone ndani kwa nyuzi mbili tatu zinazoweza kutolewa. Usiandike kwa kalamu juu ya nguo. Kwa picha za simu tumia mwanga wa dirishani, bila flashi: mbele, nyuma, lebo pande zote mbili, pindo kwa karibu, na kila tundu.

Karatasi na stika

Hizi ni chache huku, lakini zipo. Barabara ya Tunduma hadi Iringa imepitisha wasafiri wengi wa magari marefu kutoka Afrika Kusini, na baadhi waliacha stika kwenye milango ya friji za nyumba za wageni na majarida kwenye rafu zao. Omba kwa heshima, usibandue stika ya mtu bila ruhusa. Majarida ya kutafuta ni Surfer, lililoanza California mwaka 1960, na Tracks la Australia la mwaka 1970. Yahifadhi yakiwa yamelala, si kusimama, na usitumie selotepu kuunganisha ukurasa uliochanika.

Bei, na kuuza ukitaka

Unapotafuta bei kwenye masoko ya mtandaoni kama eBay, chuja uone vitu vilivyokwisha kuuzwa. Bei inayoombwa haina maana. Mtu anaweza kuomba milioni akakaa nayo miaka mitano. Linganisha nguo ya mwaka uleule, saizi ileile, hali ileile. Saizi kubwa huuzika kirahisi, kwa sababu nguo za zamani nyingi ni ndogo.

Mweleze mnunuzi kasoro kabla hajauliza, na umtumie ukurasa wa daftari pamoja na nguo. Nimegundua kwamba wanunuzi wa nje wanapenda sana kujua kwamba fulana iliyoondoka California ilipatikana Mwanjelwa, na mmoja aliniomba nimwandikie jina la soko kwa mkono. Tuma kwa njia yenye namba ya kufuatilia, kama EMS ya Posta, pima uzito kabla ya kukubaliana bei, na nauli ailipe yeye. Nikiuza, sehemu ya pesa humrudia yule mama au kaka aliyeniwekea. Fulana namba 1 siiuzi. Wawili wameshaiulizia, na wote niliwatumia picha ya zile nyayo za njano bure.